Mawakili, acheni kutuandikia Kilatini! "Sine die" nusura ituulie shangazi

Wakuu, habari za muda huu. Nina hasira, mnivumilie.

Tuna kesi ya shamba la marehemu babu. Juzi wakili wetu katuletea barua ya Kiingereza, na mstari wa mwisho unasema shauri limekuwa "adjourned sine die". Msomaji wetu alikuwa mdogo wangu wa kidato cha tatu. Kufika hapo kanyamaza, maana anachojua yeye "die" ni kufa. Shangazi ana presha. Akauliza, nani kafa? Hakimu? Siku hiyo ugali ulilala sufuriani.

Kumbe ni Kilatini, "bila siku". Limeahirishwa bila kupangiwa tarehe. Maneno manne tu! Hela yote ile tuliyomlipa haikutosha kununua maneno manne?

Nikafukua barua za nyuma. Mojawapo inasema tusipofika shauri litaendelea "ex parte", yaani litasikilizwa upande mmoja. Jamani, hilo ni onyo! Unaonywa kwamba utahukumiwa haupo, halafu onyo lenyewe limeandikwa usilielewe. Kuna na "locus standi", mahali pa kusimama, wakimaanisha kama una haki ya kufungua shauri. "Mutatis mutandis" nimeiacha nilivyoikuta.

Najua atakuja mtu hapa kusema hiyo ni lugha ya taaluma. Mkuu, wenye Kiingereza chao walishachoka nayo. Kule England na Wales, kanuni za mashauri ya madai zilizoanza kutumika Aprili 1999 ziliitupa "ex parte", sasa wanasema ombi "bila taarifa" kwa Kiingereza cha kila siku. "Subpoena" ikawa wito wa shahidi, basi. Na sisi Bunge letu mwaka 2021 lilipitisha Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Huyu wangu bado yuko Roma.

Wala sina ugomvi na Kilatini chenyewe. "Ajenda" imetoka hukohuko, na hata balozi wa nyumba kumi anaitumia bila shida. Ugomvi wangu ni kufichwa mambo yangu kwa hela yangu.

Leo nimempigia simu kumuuliza tarehe itapangwa lini. Kanijibu kwamba ushauri wa simu nao unalipiwa, "pro rata". Anayeijua hiyo aniambie haraka, kabla shangazi hajaisikia.