Tupeane uzoefu: ulipofungua tablo (dashibodi) ya gari mwenyewe, ulivunja nini?

Nianze mimi, watu wa Goma. Corolla yangu ya usukani wa kulia, kile kitufe chenye pembetatu nyekundu kilizama kikakataa kurudi. Vumbi la mawe ya volkano halina huruma. Nikachomeka bisibisi pembeni ya fremu ya redio, saa kumi na mbili asubuhi, baridi bado. Plastiki ikiwa baridi haipindi, inakatika. Sikio la chini likabaki mkononi, na fremu sasa inalia kek-kek-kek njia yote hadi Sake. Na ninyi?

Fundi wa Ndosho: Yaya, ulikimbilia chuma. Kwanza toa waya wa minasi kwenye batri, ungoje dakika chache, maana puto la ajali limo humo humo. Halafu papasa kwa vidole. Upande mmoja ukigoma, usivute: kuna skrubu imejificha, mara nyingi chini ya kifuniko kidogo. Mimi nilichonga mpini wa mwiko wa bugali, ndio natumia. Hauachi alama. Mama watoto hajajua.

Mama wa Himbi: Habari ya batri ilinitesa, fundi! Gari yangu ni otomatiki. Fremu ya katikati haitoki mpaka gia ishuke, na batri ikishatolewa gia inakwama kwenye P. Nikarudisha waya, nikaweka mawe kwenye magurudumu (kwetu hayanunuliwi), nikakanyaga breki, nikashusha gia, ndipo nikatoa waya tena. Na nilikuwa nimepaki kwenye mteremko wa kwenda ziwani.

Kadogo wa Majengo: Mimi nilikuwa natoa swichi ya kioo, nikavuta nyaya badala ya fishi, kile kichwa cha plastiki kinachoziunganisha. Kumbe fishi ina kilimi, unakibonyeza kwanza. Nyaya mbili zikachomoka, picha sikupiga, nikakisia. Tangu siku hiyo nikibonyeza kioo kipande, kinashuka.

Mwenye uzi: Kadogo, nimecheka hadi jirani amekuja kuuliza. Fundi, vibanio viwili vilibaki kwenye matundu ya tablo. Niviache?

Fundi wa Ndosho: Vitoe kwa koleo, uvirudishe kwenye fremu kwanza, ndipo usukume, bila hivyo haishiki. Na safari hii acha gari juani mpaka saa saba.

Kadogo wa Majengo: Fundi, na kioo changu je?

Fundi wa Ndosho: Hizo nyaya mbili zibadilishane nafasi. Au zoea.