Nataka kuwafundisha mabinti kujilinda na usumbufu wa mtaani, nianze na nini?

MamaKaratee:
Habari zenu wakuu. Niko Dar, nilicheza karate zamani kabla ya watoto, sasa kuna mabinti wanauza duka Kariakoo wameniomba niwafundishe kidogo jumamosi jioni. Kero zao mnazijua, kushikwa mkono na wapiga debe, kuitwa majina, halafu kwenye basi la mwendokasi saa za kutoka kazini watu wamebanana mtu anakuja kujisugua nyuma yako na ukigeuka anaangalia juu kama hayupo. Ukumbi nimepata. Swali, nianze na ngumi na mateke au kuna kitu kingine kwanza? Maana ngumi yenyewe inataka miezi, na hawa baada ya wiki tatu wataanza kutoroka nawajua

Kipusa_wa_Temeke:
Anza na mdomo dada. Ngumi ndani ya mwendokasi utairusha wapi, hata mkono hunyanyui. Wafundishe kupaza sauti na kumtaja mtu, sio "jamani acheni" maana hiyo haimhusu yeyote, useme "wewe kaka wa shati la bluu, toa mkono wako kwangu!" Gari zima linageuka kumtafuta wa shati la bluu. Wengi wao wanategemea aibu yako, ukiihamishia kwake anashuka kituo kinachofuata hata kama si chake 😂 Ila wafanye mazoezi kwa sauti kabisa humo ukumbini, sisi tumelelewa binti hapayuki, kwahiyo siku ya siku sauti inagoma kutoka

Konda_Mstaafu:
mi naona mnawapotosha, akimjibu mhuni wa kijiweni atapigwa. Anyamaze apite, na nguo nazo waangalie

Wanjiku254:
@Konda nguo tena? Huku Nairobi Novemba 2014 wanawake waliandamana juu ya hiyo story, dada alivuliwa nguo kwa stage ya matatu mchana watu wakiangalia, ndo ikaja kampeni ya My Dress My Choice, yaani nguo yangu chaguo langu. Na wewe mwenye kuuliza, kuna mashosho pale Korogocho, mtaa wa mabanda huku Nairobi, mabibi wazee kabisa, wanajifunza kupiga na kujikinga sababu walikuwa wanashambuliwa kwa nyumba zao usiku. Sasa shosho amevaa nguo gani ndio ashambuliwe? Shuleni huku pia kuna programu ya wasichana ya kujilinda na wavulana nao wanafundishwa kivyao, hiyo ya wavulana usiisahau, ukipata mwanaume wa kuwafundisha vijana wa kiume wa hapo Kariakoo itakusaidia kuliko mateke

Baharia_J:
Konda ana hoja moja tu, kama ni usiku na wako wanne usijibizane, ingia dukani au kwenye mwanga kwenye watu. Kukimbia nako ni kujilinda. Ya mkono ni rahisi sana, akikukamata kifundo usivute kurudi nyuma, atakushinda nguvu, zungusha mkono utokee upande wa kidole gumba chake, hapo ndo mshiko ulipo dhaifu, toa kwa ghafla halafu ondoka. Kiwiko kifundishe pia, kinafaa mkibanana. Hivyo viwili wakivirudia kila jumamosi mpaka vije vyenyewe vinatosha kwa kuanzia, wasibebeshwe mitindo kumi

Sheria_Mtaani:
Muwape na sheria pia. Kanuni ya Adhabu kifungu cha 138D, kilichoingizwa na ile sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 (SOSPA), kinagusa mpaka maneno na ishara sio kushika tu. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, aulizie hilo moja kwa moja asisimulie kaunta mbele ya kila mtu, na kama ameumizwa achukue PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Wajifunze kukariri sura, nguo, namba ya gari au ya bodaboda. Na earphone masikioni zote mbili usiku hapana

Kipusa_wa_Temeke:
@Sheria umenena, ila baadhi ya askari watakuuliza ulikuwa umevaa nini, kwahiyo asiende peke yake, aende na shoga yake mwenye mdomo

MamaKaratee:
Asanteni sana. Basi jumamosi hii sivai hata mkanda, nitapanga viti vya plastiki viwe siti za mwendokasi, nusu wabanane nusu wapige kelele. @Baharia_J kama uko Dar njoo utushikie mikono, kaka mmoja wa kumtaja shati lake namhitaji

Baharia_J:
Nakuja, ila nitavaa nyeupe 😅