Presi ya tani 20 inakwamisha bushi za bronzi na kupoteza nguvu yenyewe

Fundi wa Katuba ameuliza:

Wandugu mafundi, nawasalimu. Ninafanya kazi katika karakana ndogo hapa Katuba, Lubumbashi, na sehemu kubwa ya kazi yetu ni springi za malori yanayotumia barabara ya Kasumbalesa. Bushi za springi, yaani vile vipande vya bomba fupi vinavyopitiwa na pini ya springi, hatuzinunui. Tunazisubu wenyewe kwa mabaki ya bronzi, kisha tunazikereza na kuziingiza katika jicho la springi, yaani tundu la ncha yake, kwa presi ya mkono ya tani 20, ile yenye fremu ya chuma na jeki ya mafuta.

Tangu mwezi wa sita presi hiyo inatutesa kwa namna mbili. Bushi ikifika nusu ya njia inalala upande na kukwama, na tukiitoa tunaikuta imekwaruzwa upande mmoja kana kwamba imepigwa tupa. Tena, nikiacha kupampu ili nitazame kama imenyooka, kichwa cha presi kinarudi juu polepole, ingawa sioni tone la mafuta nje ya jeki.

Jicho lina kipenyo cha milimita 45, na bushi tunaikereza hadi 45,15 ili isije ikalegea barabarani. Kabla ya kuiingiza tunaipaka grisi nyingi ndani na nje. Mafuta ya jeki yalipopungua nilijaza ya breki, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa karibu. Mwenye karakana ameamua kwamba presi ni dhaifu na anataka kununua ya tani 50, lakini kabla hajatoa pesa zake ningependa kusikia mawazo yenu.

Kijana wa Ruashi amejibu:

Yaya, pesa hizo zisitolewe bure. Lipashe jicho moto kwa gesi mpaka libadilike rangi, na bushi itaingia karibu bila presi. Sisi tunafanya hivyo kwa puli na gia kila wiki.

Mzee wa Kampemba amejibu:

Mwanangu wa Ruashi, kwa puli nakubaliana nawe, ila kwa springi nakuomba usimshauri mtu hivyo tena. Chuma cha springi kimepewa ugumu na unyumbufu wake kwa moto uliopimwa, na mwali wa gesi unaufuta kwa dakika chache, kwa maana chuma kinachoanza kuwaka wekundu kimekwisha kupita nyuzi 500. Springi hiyo itaondoka karakanani ikiwa nzuri kwa macho, kisha itakatika jichoni siku lori litakapokuwa limebeba tani 30.

Sasa nirudi kwako, Fundi wa Katuba. Presi yako ina kosa, lakini kosa hilo ni dogo na silo linalokwamisha bushi. Kinachokwamisha ni ile 0,15. Kanuni tuliyofundishwa ni kwamba bushi izidi tundu kwa sehemu moja ya elfu ya kipenyo, yaani kwa milimita 45 ziada iwe kama 0,045. Ninyi mmeweka zaidi ya mara tatu ya hiyo, na nguvu ya kusukuma hupanda kwa kadiri ya ziada. Hata presi ya tani 50 ingeiingiza kwa kuikwangua tu, na baada ya hapo tundu la ndani lingebanwa kiasi kwamba pini isingepita.

Tena ningependa kujua hiyo 45 umeipima mara ngapi. Jicho la springi ni chuma kilichokunjwa, si tundu lililotobolewa, na likitumika huwa na umbo la yai. Lipime pande tatu, mdomoni na katikati, kisha usugue kingo zilizoinuka. Kwenye bushi yenyewe, kereza mdomo wa kuingilia uwe na mteremko wa nyuzi 15 hadi 30 wenye urefu wa milimita 3 hivi, kwa maana bushi yenye kona kali haijiongozi, inachimba. Usiisukume kwa kipande cha bomba au bapa lolote lililookotwa. Kereza kishikio cha chuma chenye ngazi, sehemu nyembamba iingie ndani ya bushi na bega likae juu ya ukingo wake wote. Kagua pia kama vyuma viwili vya kitanda cha presi vina unene sawa, kwa sababu katika karakana nyingi nilizopita kimoja kilikuwa kimekwisha kuliwa na nyundo.

Grisi iache kwanza. Nje ya bushi paka mafuta mepesi kidogo. Grisi nene hukusanya vumbi letu la kiangazi, na vumbi hilo ndilo tupa uliyoiona.

Fundi wa Katuba amejibu:

Baba, asante sana. Nimepima: mdomoni ni 45,00 upande mmoja na 45,06 upande mwingine, na kulikuwa na ukingo ulioinuka ambao sikuwahi kuutazama. Je, baridi inaweza kusaidia badala ya moto?

Mzee wa Kampemba amejibu:

Inasaidia, tena bila kuharibu chochote. Bronzi ikipoa husinyaa kuliko chuma: bushi ya milimita 45 ikitoka nyuzi 22 hadi nyuzi 18 chini ya sifuri inapungua karibu milimita 0,03, ambayo ni sehemu kubwa ya ziada unayoihitaji. Ukiwa na jirani anayeuza samaki wa tomson, mwombe akuwekee bushi usiku mmoja katika friza yake, zikiwa zimefungwa vizuri ili samaki wasinuke mafuta. Ukizitoa fanya haraka, na kabla ya hapo chora mstari kwenye uso wa bushi na kwenye jicho ili tundu la grisi likutane na nipeli, pale grisi inapopigiwa. Baadaye pitisha rima, kile kifaa cha kupanua tundu, ndani, kwa kuwa tundu litakuwa limebanwa kidogo.

Fundi wa Bukavu amejibu:

Naongeza juu ya jeki tu. Ikiwa nje ni pakavu na bado inapoteza nguvu, mafuta yanarudi ndani kwa ndani, ama kwenye gololi ya vali ama kwenye skrubu ya kuachilia. Mafuta ya breki huvimbisha mipira ya kuzibia ya jeki iliyotengenezwa kwa ajili ya mafuta ya madini, kwa hiyo yamwage yote, osha, badilisha mipira iliyolainika, safisha kiti cha gololi, kisha jaza mafuta ya haidroliki namba 32 jeki ikiwa imeshuka kabisa. Fungua skrubu na upampu mara kumi na tano bila mzigo ili hewa itoke. Na tafadhali, usisimame mbele ya bushi inayobanwa bila miwani.

Fundi wa Katuba amejibu:

Leo nimeingiza bushi nne za 45,05 zilizolala frizani. Tatu zimeingia kwa utulivu na kichwa cha presi hakikurudi. Ya nne ilikwama, nami nimegundua kwamba niliisahau juani nikinywa chai.