Naomba ushauri: Vitz imeoshwa injini, chini inadondosha kitu cha pinki

Habari zenu wakuu, naombeni msaada. Kuna Vitz ya 2007 ile ya cc 990 otomatiki nataka kuichukua kwa mtu hapa Dar, anasema kesho kuna mteja anakuja na hela mkononi (wote ndo wanavyosemaga).

Sasa nimekuta injini imeoshwa inang'aa kuliko hata bodi, nikapata wasiwasi, nikaomba tuiwashe AC ikiwa off nikatandaza boksi chini. Kama nusu saa hivi yakaonekana matone matatu katikati, pinki pinki, yanateleza kidogo kwenye vidole. Mwenye gari anadai eti alizidisha kulanti (maji ya kupozea injini), lakini mbona nimecheki chupa ya kulanti iko chini ya mstari wa chini? Na haidroliki ya gia boksi nayo ni nyekundu, sasa boksi nililotandaza likishafyonza hata huelewi ni ipi. Oili ya injini iko levo, haijawa kama chai ya maziwa, yaani haijachanganyika na kulanti. Stelingi ya hizi gari ni ya umeme kwa hiyo hiyo nimeitoa kwenye hesabu.

Maswali yangu: nitatofautishaje kulanti na haidroliki pale pale bila kupandisha gari kwenye lifti? Na kama ni wota pampu (ile inayozungusha kulanti) ndo inavuja, nimshushe bei nichukue au niachane nayo, maana sijui imeshachemsha mara ngapi hadi sasa. Fundi wangu kasafiri, jamaa anataka jibu leo jioni.