Naombeni ushauri: nibaki kwenye benefiti au nichukue kazi ya saa 20? (Uingereza, viwango vya 2025/26)

Mama Wawili:
Habari za jioni wakuu. Niko Midlands, nina makazi ya kudumu, nalea watoto wawili peke yangu. Mkubwa ana miaka 9, mdogo 3. Napata Universal Credit, posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Pamoja na posho ya watoto naingiza pauni 1,835 kwa mwezi, na kodi ya nyumba ni 750 humo humo. Sasa nimepata kazi ya kutunza wazee, saa 20 kwa wiki, pauni 12.21 kwa saa. Shoga yangu anasema nitajichosha bure, kila nitakachopata kitakatwa kwenye benefiti. Wiki nzima silali. Mwenye uzoefu anisaidie.

Nyundo:
Dada, hiyo 1,835 ndiyo kikomo cha benefiti kwa familia zilizo nje ya London, yaani 22,020 kwa mwaka. Tuhesabu stahili yako: 400 yako, 339 ya mkubwa, 293 ya mdogo, 750 ya kodi, 188 posho ya watoto. Jumla 1,970. Maana yake kila mwezi unapoteza 135 kwa sababu umegonga kikomo! Mshahara ukifika 846 kwa mwezi, kikomo kinaondoka.

Saa 20 zitakupa kama 1,055 mkononi. 411 za kwanza hawazigusi. Zinazobaki, katika kila pauni wanakata peni 55, kwa hiyo utakatwa 354 hivi. Ukijumlisha vyote utafika 2,670. Ni zaidi ya 800 juu ya unazopata sasa. Shoga yako hajapiga hesabu.

Bi Mkubwa:
Hesabu nimeikubali, ila mwenzetu yuko peke yake. Kuna nauli, kuna siku mtoto anaamka na homa, na punguzo la kodi ya halmashauri nalo litashuka. Chekechea saa 30 za bure ni za wiki 38 tu kwa mwaka. Likizo unalipa mwenyewe kwanza, halafu Universal Credit inakurudishia hadi asilimia 85. Malipo ya kwanza ya chekechea usikope mtaani mwanangu, mwombe afisa wako wa Jobcentre (ofisi ya serikali ya ajira na benefiti) akusaidie, upo utaratibu huo.

Mimi ningeanza na saa 16. Zinatosha kufika 846, na tofauti na saa 20 ni kama pauni 95 tu kwa mwezi. Hizo saa 17 za ziada kwa mwezi mkubwa anakuhitaji nyumbani.

Nyundo:
Bi Mkubwa umenena, lakini dada uliza kwanza: wanalipa kwa mwezi au kila wiki 4? Saa 16 kwa wiki 4 ni 781. Hiyo haifiki 846, kwa hiyo kikomo hakiondoki japo umefanya kazi saa zilezile, ingawa kwako hakitakukata kitu, maana benefiti zitakuwa zimeshuka chini ya 1,835. Saa 20 kwa wiki 4 ni 977, hapo umevuka kabisa.

Mama Wawili:
Nimewapigia leo mchana. Wanalipa kila wiki 4. Nimekubali saa 20, nikaomba zamu za asubuhi mdogo akiwa chekechea, wamesema sawa. Bi Mkubwa, kesho naenda Jobcentre kuulizia malipo ya kwanza ya chekechea. Asanteni sana, leo nitalala.