Baba ni fundi wa majahazi, moyo wake umechoka. Tuuze shamba awekewe pampu?

BintiMatondoni

Assalaam aleikum jamaa. Naomba ushauri, na mnivumilie maana ni refu kidogo.

Baba ana miaka 59, ni fundi wa majahazi hapa Matondoni, Lamu. Presha ilimla miaka mingi bila yeye kujua. Tangu mwaka jana miguu inavimba, na akilala chali pumzi zinamkata, kwa hiyo analala kwa mito mitatu, mgongo ukutani. Mwezi uliopita tulivuka Mokowe tukapanda basi hadi Mombasa akapigwa eko, ile picha ya moyo. Tukaambiwa moyo unatoa asilimia 18 tu ya damu iliyomo kila unapopiga. Wa mtu mwenye afya hutoa 55 kwenda juu. Akapewa Lasix na dawa moja ya presha, turudi baada ya miezi mitatu.

Sasa binamu yetu wa ng'ambo ametutumia habari za pampu ambayo hushonewa kwenye moyo wenyewe, upande wa kushoto, ikavuta damu na kuipeleka kwenye mshipa mkuu. Kaka zangu wanataka tuuze shamba la minazi na mashua tumpeleke India. Nilipomweleza baba alisikiliza kimya, tezo ya kuchongea mbao mkononi. Nikafika pale pa waya kutoka tumboni kwenda kwenye betri, akaniuliza: "Na tundu hilo mwalizibaje?"

Sikuwa na jibu. Mtu ameziba nyufa za majahazi kwa kalafati miaka 40, hilo ndilo la kwanza kuliwaza. Naomba aliye na ujuzi anisaidie. Tuuze au tusiuze?

Mama Zuhura

Waaleikum salaam mwanangu, pole sana. Niko Uingereza, mume wangu anayo hiyo pampu, HeartMate 3, tangu 2021. Huku wanawekewa wanaongoja kupandikizwa moyo wa mtu mwingine. Marekani huwekewa hata asiyengoja chochote, akaishi nayo.

Mwambie baba tundu halizibwi. Waya umevikwa kitambaa cha nyuzi ili nyama iushike kwa ndani, lakini pale ngozini mlango unabaki maisha yote. Kwetu mimi ndiye bawabu wa mlango huo. Nanawa mikono, navaa barakoa, navaa glovu safi za hospitali, nasafisha kwa dawa, naangalia kama pana wekundu au usaha, nafunika, kisha naubandika waya kwenye ngozi usining'inie. Siku moja ulinasa kwenye kitasa cha mlango wa jikoni. Mvuto mmoja tu, na wiki tatu zilizofuata tulikuwa kwenye dawa za kuua vijidudu.

Betri huvaliwa mbili, zinakwenda hadi saa 17. Hubadilishwa moja moja, kamwe si zote kwa pamoja. Usiku anachomekwa ukutani. Kuoga ni baada ya kidonda kupona, na mashine ya nje na betri zake zikiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji. Kuingia baharini hakuna tena, hata maji ya magoti simruhusu. Mtu wa Matondoni lazima alisikie hili kabla ya operesheni.

Lakini pia nikwambie kweli: kabla ya pampu alikuwa hawezi kufika chooni bila kupumzika. Leo anapanda ngazi. Siijutii pampu hata siku moja.

Nesi wa Pwani

BintiMatondoni, mimi nimefanya wodi ya moyo miaka 11. Kabla ya kuuza hata mnazi mmoja, rudini kwa daktari, msingoje miezi mitatu. Lasix inatoa maji tu, haiponyi moyo. Wenye moyo uliochoka hivi siku hizi hupewa dawa nne kwa pamoja: karvediloli au mwenzake, ile ya kulegeza mishipa, spironolaktoni, na dapagliflozini, ambayo ilianza kama dawa ya sukari. Zinaanzwa kidogo kidogo huku figo na potasiamu vikipimwa. Nimeona moyo wa asilimia 20 ukapanda hadi 40 kwa miezi kadhaa. Si wote, lakini nimeona. Pampu ni ya aliyezijaribu dawa hizo zote na bado anazama.

Ulizeni pia upande wa kulia wa moyo. Pampu inasaidia kushoto tu. Kama wa kulia nao ni dhaifu, hauwezi kuipelekea pampu damu ya kutosha na mgonjwa anavimba vilevile.

Akiwekewa, atameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na damu ipimwe mara kwa mara isiwe nzito wala nyepesi mno. Ikizidi nzito ni kiharusi, ikizidi nyepesi anatoka damu tumboni. Katika utafiti mkubwa wa Marekani, katika kila watu 100 waliowekewa HeartMate 3, kama 58 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Hao walikuwa na wataalamu wa mashine hiyo wa kuwapigia simu.

Jambo jingine: pampu inasukuma damu mfululizo, kwa hiyo mara nyingi mapigo hayashikiki mkononi. Akizirai Lamu, asiyejua atasema mzee amefariki.

Kwa leo, mpimeni uzito kila asubuhi. Ukipanda kilo mbili kwa siku mbili tatu, pigeni simu. Na ng'onda na papa mkavu aviache, chumvi ile inamzamisha.

Langoni_Kijana

Stima dada. Hapa ikipotea usiku unajua wewe inarudi lini? Bila sola na betri za akiba, hata msianze.

Abu Swaleh

Kwa upande wa ibada asiwe na hofu. Udhu haufiki tumboni. Kwenye josho atapangusa juu ya bendeji, na dini imeliruhusu hilo.

Mja wa Malindi

Sisi tuliuza nyumba kwa ajili ya vali ya moyo ya ndugu yangu. Operesheni ilifaulu. Kilichotushinda ni baadaye, nauli na pesa ya kupima damu kila mara. Akaacha dawa kimyakimya ili asitusumbue, tukajua tumechelewa. Hesabuni miaka inayofuata, msihesabu tiketi ya ndege. Na mzee mwenyewe amesema anataka nini? Kaka zako nimewasikia, yeye bado.

BintiMatondoni

Jamani nimewasoma wote, Mungu awalipe. Mja wa Malindi, pole sana kwa ndugu yako. Umenifanya nione haya, kweli hatukuwa tumemuuliza.

Jana baada ya alasiri nilikaa naye juu ya magogo nikamsomea maneno ya Mama Zuhura. Penye bahari alinisimamisha, nikarudia. Akasema bila kuingia majini atazoea, ila jahazi lililoko kwenye magogo limebaki mbao za juu tu, na hataki kufia India kabla halijashushwa. Kaka mkubwa alinyanyuka akaenda zake. Amerudi usiku, amekubali shamba lingoje.

Alhamisi tunavuka na boti ya alfajiri. Nimeandika maswali: dawa nne, figo, upande wa kulia. La mwisho ameniandikisha baba mwenyewe, kwamba daktari amwambie kwa siku anaruhusiwa kushika tezo muda gani.