Fundi kapasua kioo cha jikoni kwangu, halafu eti "kuna mkono wa mtu"

Wakuu, mwangaluka. Naandika huku bado natoa vioo kwenye nywele, mnivumilie.

Wa Mwanza mnamjua. Penseli sikioni, simu mbili, "nipo hapa Buzuruga nakuja", anatokea keshokutwa. Sina haja ya kumtaja.

Nilichoka na mafuta ya sato ukutani. Marumaru unazisugua kwa mswaki pale zinapoungana mpaka bega linataka kung'oka, na njano iko palepale. Nikasema naweka kioo kimoja kizima nyuma ya jiko la gesi, kuanzia kaunta hadi kabati, kwa nyuma kipakwe rangi ya maziwa. Miezi minne nimejinyima. Nikamwambia kabisa: iwe tempa, kile kioo kilichoimarishwa kwa moto, milimita 6, kioo cha kawaida joto la gesi litakipasua. Na zile soketi mbili, ya blenda na ya birika, uzipime. Akapima kwa kiganja. KIGANJA! "Usijali dada, macho yangu ni futi."

Leo kioo kimefika. Kinang'aa, unajiona mpaka chunusi. Tundu hata moja hakuna. Nikauliza, na soketi? Akachomoa grainda.

Jamani, tempa ikishapita kwenye tanuri haikatwi tena, matundu yanatobolewa kabla. Mimi muuza vitenge najua! Kabla sijafungua mdomo, PAAA! Kikamwagika chote kama gunia la mahindi limechanika. Punje kwenye sinki, punje kwenye sufuria ya ugali, punje juu ya sato aliyekuwa anajikaangia taratibu hajamkosea mtu.

Kimya. Akaangalia dari, akaniangalia mimi, akasema kwa sauti ya msibani: "Dada, hapa kuna mkono wa mtu."

Mkono wa mtu! Mkono si huo ulioshika grainda? Eti nichunguze majirani. Majirani wangu ndio waliopima kwa kiganja? Mkono wa mtu, halafu mkono huohuo ukanyooshwa kuomba nauli!

Na sijalia kwa ajili ya hela. Ni ule mkono wa mtu.

mla_sangara: Uzi bila picha ni uchawi. Kumbe fundi yuko sahihi.

bodaIgoma: Tuambie kwanza, sato alipona?

mleta uzi: Sato katupwa na sufuria yake. Hata paka nimemfungia nje.

mama_wawili: Pole mdogo wangu. Shukuru kimepasuka mapema. Wangu alibandika kwa silikoni ile inayonuka siki, ikala rangi kwa nyuma. Nilitaka ukuta mweupe, sasa nina ramani ya Ukerewe.

mzee_wa_hoja: Umenunua kioo cha ukutani wakati nyumba ya kupanga. Mkono wa mtu ni wa kwako mwenyewe.

mleta uzi: Nani kakwambia nimepanga?

mzee_wa_hoja: Umekasirika. Umepanga.

bodaIgoma: 😂😂😂

kipara_Nyegezi: Afadhali fundi vioo. Seremala wangu ana advansi tangu Pasaka, kila nikipiga ni "mbao zinakauka". Zinakauka wapi, chini ya ziwa?

mama_wawili: Wa kwangu alileta kabati la jikoni, bomba likavuja siku moja tu, likavimba kama andazi.

mla_sangara: Nyie mnalalamikia makabati, kuna watu tunauziwa dagaa wenye mchanga. Nimetoka Mwaloni sasa hivi, nikitafuna ni kama natafuna barabara.

kipara_Nyegezi: Hao wameanikwa chini. Tafuta wa chanja, bei imesimama kidogo lakini meno yanabaki.

mla_sangara: Muuzaji aliniapia ni wa chanja!

bodaIgoma: Hapo ndipo kuna mkono wa mtu.

mleta uzi: Jamani, uzi wangu.

mama_wawili: Dada subiri kidogo. Kipara, hao wa chanja unawapata upande gani?